Ulimi wa Siku ya Kumi

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la maneno mawili tu: kunywa taratibu.

Niliyaandika mwenyewe kwenye lebo ya chupa. Dawa yetu ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa, na iliwachefua wagonjwa wanne wa kwanza, nikaona ni busara kumwomba wa tano asiifakamie. Laiti ningejiuliza huyo wa tano anafanya kazi gani, ningeandika "meza mara moja" kwa herufi kubwa nyekundu. Sikujiuliza. Nilikuwa na shahada tatu na haraka nyingi.

Wa tano alikuwa Mama Ndeanasia Mlay, mwonjaji kahawa kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na huo ulikuwa mwaka wake wa sita kwenye kiti cha magurudumu. Aliletwa maabarani kwetu Moshi saa nne asubuhi akitokea moja kwa moja kwenye meza ya kuonja, ambako tangu alfajiri alikuwa ameshapita vikombe thelathini. Mashine za kuonja zilishajaribiwa mjini kwetu, zikashindwa, na wanunuzi walirudi kwa ndimi za watu. Ulimi wake ndio uliosikilizwa kuliko zote.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia, nikampa chupa.

"Marahaba, Daktari. Hii ndiyo yenyewe?"

Akasoma lebo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mkoba, akatoa kijiko chake cha kazi, kile kipana cha duara. Akamimina dawa kijikoni, akaivuta kwa mlio mkali uliomfanya Ambakisye, fundi wetu wa mashine, ageuke. Akafumba macho. Akaizungusha mdomoni, akaipeleka shavu hili na lile, akaivutia hewa mpaka puani.

"Mama, meza," nikasema.

Akaninyooshea kidole nisubiri.

"Maziwa ya unga," akasema mwishowe, mdomo ukiwa nusu umejaa. "Nyuma yake kuna chuma. Na mwisho kabisa, ganda la ndizi mbichi." Akaangaza huku na huku akitafuta ndoo ya kutemea, akakumbuka alipo, akameza.

"Umeipa ngapi, Mama?" Ambakisye akauliza.

"Hamsini na mbili kwa mia. Usimpe mgeni."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na chupa nzima akaimaliza hivyohivyo, kijiko kwa kijiko, mbele ya macho yangu.

*

Nieleze tulichokuwa tumetia kwenye chupa ile.

Kila seli mwilini ina maandishi yaleyale, yaani jeni. Seli inapotaka kutengeneza protini hunakili jeni inayohusika, na nakala hiyo, ambayo ndiyo RNA, hutoka ikiwa ndefu kupita mahitaji. Ina vipande vya kubaki na vipande vya kutupwa. Mashine ya kukata na kuunga imo ndani ya seli, lakini haijichagulii yenyewe wapi ipitishe mkasi. Zipo protini nyingine zinazotua juu ya nakala na kuielekeza: hapa kata, hapa ruka, kipande hiki kiache. Maabarani tunaziita wasimamizi. Mpe fundi cherehani kitambaa kimoja, atakutolea gauni au shati kulingana na anayemwagiza. Vivyo hivyo jeni moja hutoa protini ya moyo au ya jicho, na anayeamua ni msimamizi.

Katika ukoo wa Mama Ndeanasia, msimamizi mmoja wa misuli alikuwa dhaifu. Kipande kilichotakiwa kubaki kilikuwa kikitupwa, na misuli ikalegea mwaka hadi mwaka, kuanzia miguu. Mama yake mzazi alikwenda hivyo. Sisi tulibuni msimamizi mpya, tukamfunga ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyofunguka vikikutana na uchachu. Uchachu tuliokusudia ni ule wa tumboni. Kutoka hapo angeingia kwenye damu na kufika kwenye misuli.

Sasa fikiria mdomo uliooshwa tangu alfajiri kwa kahawa za juu kabisa mlimani, kahawa zinazosifiwa kwa uchachu wake. Vifuko vyetu vilipoingia mle vilidhani vimefika.

*

Siku ya nne alisimama.

Alishika vyuma viwili vya mazoezi, akajiinua, na magoti yake yakatetemeka lakini hayakukunjika. Aliniangalia mimi, akaangalia miguu, akaniangalia tena, kisha akaanza kucheka na kulia vyote kwa pamoja. Nami nikalia, sikuona haya. Miaka tisa ya kazi yangu ilikuwa imesimama pale imevaa kandambili za bluu.

Nilikuwa bado nafuta macho Ambakisye aliponiita.

"Dada Aikande, njoo uone kituko."

Kila asubuhi tulimpitishia pamba mdomoni, utaratibu tu, na Ambakisye husoma nakala za RNA zilizomo. Alinionyesha jeni mojawapo ya kuonjea. Katika seli za ulimi wa Mama Ndeanasia, kipande cha nne kilikuwa kimeungwa na cha tisa. Vyote vya katikati vilikuwa vimerukwa.

"Mashine imekosea," nikasema.

"Nimerudia mara tatu. Na nimeuliza hifadhi ya dunia nzima, watu milioni mia tatu. Hakuna hata mmoja mwenye muungano huu." Akashusha sauti. "Msimamizi wetu ametua kwenye nakala ambayo hatukumtuma."

Niseme ukweli wangu. Nilipaswa kuogopa, na niliogopa kidogo. Lakini zaidi ya hofu nilisikia furaha, ile ya mtoto aliyeinua jiwe na kukuta mdudu asiyemjua. Muungano ule maana yake ni protini mpya, protini mpya kwenye ulimi maana yake ni mlango mpya, na mimi nilitaka kujua nini kinapita mlangoni. Mtu huyu anaonja nini?

"Lazima tumwambie leo," Ambakisye akasema.

Alisema kweli. Tulikuwa na kifutio, sindano moja inayomsaka msimamizi popote alipo na kumwondoa. Kilifanya kazi hadi saa sita mchana ya siku ya kumi tu. Baada ya hapo msimamizi angekuwa amezama kwenye seli mama, zile zinazozaa nyingine, na asingetoka tena. Shida ni kwamba kifutio hakibagui. Kingemwondoa ulimini na miguuni pia, na mwili, ukishamfahamu msimamizi, haungekubali kumpokea mara ya pili. Kwa hiyo ilikuwa ama miguu pamoja na ulimi huu mpya hadi kufa, ama ulimi wa zamani pamoja na kiti. Hakukuwa na njia ya tatu, na aliyepaswa kuchagua hakujua kwamba kuna la kuchagua.

"Kesho," nikamjibu Ambakisye.

"Kwa nini kesho?"

"Nataka kwanza nijue tunamwambia nini. Huwezi kumwambia mtu ulimi wako umebadilika halafu akuulize umebadilikaje, ukodoe macho."

Sababu hiyo ilisikika vizuri sana. Hata mimi niliiamini.

*

Kesho haikufika. Siku ya saba nilimpangia vikombe vitano vya maji, nikamwambia napima koo linavyomeza.

Kulikuwa na maji ya mvua, ya bomba, ya chemchemi ya juu, ya chupa, na ya kisima kirefu cha huku tambarare. Alivivuta kwa kijiko kimoja baada ya kingine, maana mwonjaji hajui kunywa maji kama wewe na mimi. Kwenye kikombe cha tano, kile cha kisima, akasita. Akavuta tena. Akakisukuma mbali kidogo, kisha akakirudisha karibu na kukiinamia.

"Hiki kimefanyaje?" akauliza.

"Kina ladha gani, Mama?"

"Wewe si unapima koo?"

"Nauliza tu."

"Sijui," akasema, na nilimwona akishtushwa na neno hilo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akilipwa ajue.

Mchana nilimletea vikombe saba vya maji yaleyale ya mvua, kila kimoja nimekidondoshea floridi zaidi ya kilichotangulia, nikavichanganya. Floridi ni madini yaliyomo kwenye maji ya visima vingi vya kwetu, yaleyale yanayopaka meno ya watu wa upande wa Meru rangi ya chai. Kwa viwango vile hakuna ulimi wa binadamu unaoyaonja. Mama Ndeanasia alivipanga vikombe vyote saba kwa mfuatano, cha chini hadi cha juu, bila kukosea, kwa dakika nne.

Nilikwenda chooni nikajifungia, nikarukaruka. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, daktari. Nilikuwa nimeshaanza kuona wenye ndimi kama ule wakizunguka vijijini wakionja visima, watoto wakikua na meno meupe. Niliporudi, yeye alikuwa akinisubiri na mikono yake imekunjwa mapajani.

"Daktari, hivi kweli tunapima koo?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Hadi hapo nilikuwa nimetoa visingizio tu. Sasa nilikuwa nimeulizwa waziwazi nikadanganya, na nilijua tofauti.

Ambakisye alikuwa mlangoni na alisikia. Alinifuata ukumbini, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na hakuipandisha.

"Dada, siku ya kumi ni Ijumaa. Ijumaa saa tatu asubuhi usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Yule si kikombe."

*

Sikulala vizuri usiku wa Alhamisi, na hiyo ndiyo sifa pekee ninayojipa. Ijumaa saa tatu kasoro nilimkuta Mama Ndeanasia amekaa kwenye kiti cha kawaida dirishani. Fimbo ilikuwa pembeni yake na kiti cha magurudumu kimesukumwa kona. Nilivuta kigoda nikakaa chini yake, nikamwambia yote: lebo, kijiko, vifuko vilivyofunguka mdomoni, kipande cha nne na cha tisa, kifutio, saa sita. Nikamwambia nilijua tangu siku ya nne. Nikamwambia maji hayakuwa ya koo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akacheka.

"Mwanangu, kati yako na mimi, ulidhani ni nani atakayekuwa wa kwanza kujua ulimi wangu umebadilika?"

Niliinua uso nikamtazama.

"Siku ya pili jioni. Chai ya nyumbani kwangu, maji ya bomba lilelile. Nikamwuliza binti yangu umetia nini humu, akadhani namsimanga." Akaacha kucheka. "Na miguu ilishaanza kuamka; nikajua nikikwambia utaninyang'anya. Nikanyamaza. Nilipoona na wewe umenyamaza nikashukuru Mungu, nikasema huyu naye ana lake."

"Ningekuuliza, Mama. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa. Na mimi nilipaswa kutokwenda mezani." Sauti yake ikashuka. "Siku ya tatu nilirudi kazini, nilikuwa nawashwa kujua. Sampuli ya kumi na saba. Wote wameisifu kwa nyuso, nimewaona. Mimi nimekutana na hicho kitu mle ndani, sijakielewa, nikaipiga chini. Ulimi wangu una uzito pale, unajua. Ni kahawa ya akina mama wanaolima huku chini kwa vyandarua vya kivuli na maji ya kisima. Kazi yao ya mwaka mzima imewekwa kando kwa sababu yangu."

Nje, mlima ulikuwa wazi, mweusi hadi kileleni, kama ulivyokuwa tangu nizaliwe; theluji yake niliisikia kwa wazee tu.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tatu na nusu."

"Nipeleke mezani. Na hicho kifutio chako, uje nacho."

*

Meza ya kuonja ina desturi zake. Hakuna anayezungumza hadi kikombe cha mwisho. Ladha haitajwi ila kwa jina la kitu ambacho kila aliyepo amewahi kukila, ndiyo maana utasikia limau, karanga, muwa, udongo wa mvua, wala hutasikia mashairi. Na kabla ya kazi kuanza, wote huonja kikombe kimoja cha kuwekea ndimi sawa. Kwa miaka kumi na tisa kikombe hicho kilitoka kwenye kihamba cha mama yake Mama Ndeanasia, shamba dogo la ukoo chini ya migomba, miti iliyopandwa na mama huyo kabla miguu haijamwacha.

Tulifika saa tano na robo, zamu ya pili ya kuonja ilipokuwa ikianza; alikuja kwenye kiti cha magurudumu, fimbo mapajani. Bwana Elinami, mkuu wa meza, aliinuka akakisukuma kiti hadi nafasi yake ya siku zote. Mimi nilisimama nyuma nikiwa na kisanduku cha baridi, sindano ikiwa ndani.

"Nitaamua kwa kikombe hiki," alininong'oneza. "Kama mama yangu bado yumo, naweza kuishi na huo ulimi mwingine. Kama hayumo, sijui."

Maji ya moto yakamiminwa. Wakasubiri dakika nne. Mama Ndeanasia akavunja utando wa kahawa ulioelea kwa mgongo wa kijiko, akainama, akanusa, na uso wake ukalainika; pua ilikuwa bado ya zamani. Kisha akavuta.

Niliona mabega yake yakishuka.

Akavuta tena, na ya tatu. Akakiweka kijiko mezani polepole na kukitazama.

"Mama yangu hayumo," akasema.

Alikuwa amezungumza kabla ya kikombe cha mwisho, na hakuna aliyemkemea. Bwana Elinami alishusha kijiko chake. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Nilifungua kisanduku, nikakaa tayari, na nakiri kwamba hata dakika ile sehemu yangu moja ilikuwa ikilia kimoyomoyo kwa ajili ya ulimi ule. Niliinamisha uso asiione.

"Unajua alivyokufa?" akaniuliza, macho bado kwenye kikombe. "Miaka minane alibebwa mgongoni hadi chooni. Nilimbeba mimi, na nilipoolewa akabebwa na ndugu zangu. Kila akibebwa anaomba radhi. Kila siku, mwanangu, radhi kwa watoto wake mwenyewe." Akapangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Akinisikia nimekubali kubebwa kwa sababu ya kahawa, atafufuka anipige kofi."

Akashika ukingo wa meza, akasimama.

Waonjaji wale hawakuwa wamemwona amesimama kwa miaka sita. Mmoja aliangusha kijiko. Mama Ndeanasia aliizunguka meza taratibu, mkono ukipapasa migongo ya viti, hatua kumi na nne, nilizihesabu, hadi alipokaa Bwana Elinami. Akamwekea mbele kijiko chake kipana.

"Alama zangu zote tangu wiki iliyopita zifute," akamwambia. "Sampuli ya kumi na saba irudishwe mezani leo, muionje bila mimi. Kosa si la kahawa yao. Ulimi wangu umeharibika, nilijua, na sikuwaambia."

"Ndeanasia," Bwana Elinami akasema, "umeharibikaje? Unaonja nini?"

Niliona akitafuta mezani, uso kwa uso, kitu ambacho wote wamewahi kukila.

"Sina jina lake," akasema. "Nyie hamjakionja."

Hapo ndipo alipolia, na alilia akiwa amesimama. Saa sita ilipita hivyo. Sindano ilibaki kwenye kisanduku.

Nilimsindikiza nje polepole, yeye na fimbo yake, kiti tukakiacha ndani. Mlangoni kuna pipa la maji kwa ajili ya wageni. Akasimama, akajazia kikombe, akakivuta kwa mlio uleule hata bila kijiko. Akakunja uso. Akavuta tena, na kitu kikarudi machoni mwake, kitu nilichokifahamu vizuri maana hata mimi ninacho.

"Haya yametoka wapi?" akauliza. "Si ya bomba haya. Na si ya kile kisima chako, hiki ni kingine kabisa."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta daftari. Aliuona. Akanisubiri, nyusi ameinua, kikombe mkononi.

Nikautoa mkono mtupu.

"Mama," nikasema, "naomba nikuulize kwanza."